Tutafute mlima upi wa karibu usio na watu wengi?

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa mapacha wa miaka 10, ambao hapa nitawaita Kulwa na Doto. Tunaishi Aurora, pembeni mwa Denver, na huu ni mwaka wetu wa nne tangu tutoke Mwanza. Shuleni kwao karibu kila mtoto anajua kuteleza kwenye theluji kwa skii, na kila Jumatatu ya majira ya baridi wanangu hurudi nyumbani na habari za wenzao waliokwenda mlimani wikendi. Mwaka huu tuliamua kwamba nao waonje.

Tulichagua wikendi ya sikukuu ya Martin Luther King mwezi Januari, kwa sababu mume wangu alikuwa na mapumziko ya siku tatu. Mdogo wangu, ambaye ana pasi ya msimu, alitushauri twende kwenye mlima mmoja mkubwa ulio ng'ambo ya handaki linalopitisha barabara chini ya milima, akasema huko ndiko kuzuri. Tulitoka nyumbani saa 1 asubuhi, tukafika saa 5 na ushee. Maegesho ya karibu yalikuwa yamejaa, ikatubidi tuache gari mbali na kupanda basi huku tumekumbatia mizigo. Kukodi vifaa kulituchukua karibu saa nzima. Hadi saa 9 alasiri tulikuwa tumepanda lifti ya viti, yaani vile viti vinavyoning'inia kwenye waya na kupandisha watu mlimani, mara mbili tu, na foleni ilikuwa imebanana hata watu wakawa wanakanyagana skii. Mara ya tatu kiti kilimgonga Doto nyuma ya magoti kabla hajajiweka sawa, akaanguka, lifti ikasimamishwa, na foleni nzima ikawa inamtazama yeye. Alilia mpaka tukaondoka. Safari ya kurudi ilituchukua saa nne.

Sasa Kulwa anataka kurudi, Doto anasema harudi ng'o. Mume wangu anashikilia kwamba tukirudi, turudi mlima uleule, kwa sababu ndio wenye miteremko mingi na haoni faida ya kuwapeleka watoto kwenye kilima cha kubahatisha. Mimi nataka mahali pa karibu, penye watu wachache, ambapo tutakwenda asubuhi na kurudi siku hiyohiyo bila gharama ya hoteli. Kazi yangu katika nyumba ya kutunzia wazee inanipa mapumziko Jumatano na Jumamosi, na mume wangu hupumzika Jumamosi na Jumapili. Gari letu ni dogo, linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele.

Je, mlima wa namna hiyo upo? Na nikichagua mlima mdogo, nitakuwa nawapunja watoto?

Mama Mapacha,
Aurora, Colorado


JIBU

Marahaba, Mama Mapacha. Poleni sana kwa siku ile, na pole ya kwanza umpe Doto, kwa maana kuanguka mbele ya watu ukiwa na miaka 10 huuma kuliko goti lenyewe.

Mlima upo, nami nitautaja kwa jina. Lakini naomba tuanze na siku mliyochagua, kwa sababu hata mlima mtulivu kuliko yote hapa Colorado usingewaokoa siku ile. Wikendi inayoishia Jumatatu ya tatu ya Januari ni miongoni mwa zile zenye msongamano mkubwa kabisa katika msimu mzima. Nyingine ni ile ya Jumatatu ya tatu ya Februari, yaani sikukuu ya marais, pamoja na wiki iliyo kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, na wiki za mapumziko ya shule mwezi Machi. Siku hizo wageni kutoka majimbo mengine hukutana mlimani na wenyeji wa Denver waliopata nafasi kwa wakati mmoja, na wote hupita barabara moja, I-70, ambayo ndiyo njia kuu ya kuelekea magharibi milimani. Ukiondoka Aurora saa 1 asubuhi siku kama hiyo, umekwisha kuchelewa kabla hujawasha gari.

Pasi ya mdogo wako nayo inaeleza mengi. Pasi ya Epic ilianza mwaka 2008 na ya Ikon mwaka 2018, na kila moja humruhusu mwenye nayo kuingia milima mingi kwa malipo ya mara moja, yanayofanywa kabla ya msimu kuanza. Kwa upande wa pili, tiketi ya siku moja ikinunuliwa dirishani katika milima mikubwa kabisa imepita dola 200 kwa mtu mmoja. Aliyekwisha lipa pasi hana sababu ya kwenda mahali ambapo pasi yake haitumiki, kwa hiyo watu humiminika katika milima ileile. Mdogo wako alikushauri kwa nia njema. Alikuelekeza kwenye mlima unaomfaa yeye, ambaye amekwisha lipa na anajua kuteleza.

Mlima ninaokushauri ni Loveland. Uko maili kama 55 magharibi ya katikati ya Denver, kwenye I-70 hiyohiyo, ila uko upande wetu wa handaki la Eisenhower, mahali pa mwisho kabla ya kuingia handakini. Handaki lenyewe limechimbwa chini ya eneo la skii, kwa hiyo watoto wanapoteleza juu, malori yanapita ndani ya mwamba chini ya miguu yao. Mwambie Kulwa habari hiyo njiani, atakaa kimya akiifikiria. Barabara ikiwa haina msongamano, kutoka Aurora ni mwendo wa saa moja na nusu hivi.

Sababu ya Loveland kuwa na nafasi ni rahisi kueleza. Haimo katika pasi ya Epic wala ya Ikon. Hakuna hoteli wala kijiji cha watalii chini ya mlima, hivyo anayetaka kulala huendelea na safari yake ng'ambo ya handaki, na wanaobaki ni watu wa huku kwetu wanaokuja kwa siku moja. Lifti zake nyingi ni za mwendo wa taratibu, jambo ambalo wajuzi hulinung'unikia lakini kwa mtoto anayejifunza ni neema. Unaegesha gari hatua chache kutoka jengo la tiketi. Nimekwenda huko siku za kazi mara nyingi na watoto wa dada yangu, na asubuhi ya Jumanne moja mwezi Machi tulipanda lifti ileile mara sita bila kumkuta mtu mbele yetu, hata mhudumu akawa anawasalimu watoto kwa majina.

Lakini sikiliza hili kwa makini, kwa sababu wageni wengi hulikosea. Loveland ina sehemu mbili zilizoachana kwa zaidi kidogo ya maili moja, na basi la bure hupita kati yake. Loveland Basin ndiyo kubwa, yenye miteremko ya wazoefu. Loveland Valley ndiyo ya wanaoanza: miteremko yake haitishi, ina mkanda unaotembea ambao mtoto husimama juu yake ukampandisha bila kiti chochote, na hakuna mtu atakayewapita kwa kasi ya risasi. Ninyi nendeni Valley. Kabla ya kununua chochote, hakikisheni kwamba Valley imefunguliwa siku hiyo, kwa maana huchelewa kufunguliwa mwanzo wa msimu na hufungwa mapema kuliko Basin mwisho wa msimu. Ulizeni pia kifurushi cha wanaoanza, ambacho huunganisha somo, vifaa vya kukodi na tiketi, na mkinunue mtandaoni mapema.

Kuhusu siku, Jumatano yako ni mali. Tatizo ni shule, nami siwezi kukushauri uwatoe watoto darasani. Tazama kalenda ya shule yao utafute zile siku ambazo walimu wako kazini na wanafunzi wako nyumbani. Si sikukuu za taifa, kwa hiyo ofisi zinafanya kazi na barabara haijai. Mara nyingi huangukia Ijumaa au Jumatatu, basi mwombe mwenzako kazini mbadilishane zamu. Wala usiwe na haraka ya kumaliza jambo hili kabla ya Februari kwisha. Loveland kwa kawaida huendelea hadi mwanzoni mwa Mei, na mwezi Aprili, wakati watu wengi wa Denver wamekwisha hamia kwenye baiskeli na bustani, huko juu bado kuna theluji nzuri, jua la joto, na foleni fupi.

Sasa nikueleze yasiyopendeza, maana sitaki ukafike ushangae. Chini kabisa ya Loveland, mahali mtakapoegesha gari, ni mita kama 3,290 juu ya usawa wa bahari. Mimi nimezaliwa Marangu, nami hupima kila kitu kwa mlima wetu wa Kilimanjaro: ukiwa kwenye maegesho ya Loveland umekwisha kupita kimo cha kituo cha Mandara, ambacho kiko mita 2,720, na lifti ya juu kabisa ya Basin inamshusha mtu mahali palipo juu kuliko kituo cha Horombo, ambacho kiko mita 3,720. Tofauti ni kwamba kule Kilimanjaro tunakwenda kwa miguu, polepole, na mwili unapata muda wa kuzoea hewa nyepesi ya juu, ilhali hapa gari linakufikisha kabla chai haijapoa kwenye chupa. Kuishi kwenu Aurora kunawasaidia, kwa kuwa mmezoea mita 1,600 na zaidi, lakini hakutoshi. Wanywe maji tangu jana yake, wale asubuhi hata kama hawana njaa, na mtoto akilalamika kichwa kikali au kichefuchefu, msimpe dawa mkaendelea. Teremkeni, mpite Georgetown, mwendelee hadi Idaho Springs au chini zaidi. Jua nalo lina nguvu zaidi huko, na theluji mpya hurudisha sehemu kubwa sana ya miale yake usoni. Ngozi yetu nyeusi nayo huungua, hasa puani na chini ya kidevu, kwa hiyo losheni ya kuzuia jua na miwani ya theluji si anasa. Upepo pia upo, kwa sababu eneo lote limekaa kwenye mgongo wa milima unaogawa maji ya mashariki na magharibi. Siku ikitabiriwa upepo mkali, ahirisheni.

Ikiwa lazima iwe Jumamosi ili baba yao awepo, Loveland bado inawezekana kwa sharti kwamba mtoke nyumbani saa 11 na nusu alfajiri na mwanze kurudi saa 7 na nusu mchana. Hata hivyo, kwa Jumamosi ningependelea Echo Mountain, iliyo juu ya Evergreen, maili kama 35 kutoka Denver. Uzuri wake ni kwamba unaiacha I-70 mapema, unapita Evergreen, kisha unapanda kwa barabara ya 103 iliyojaa kona, na ile sehemu ya I-70 ambayo magari hukwama kwenye foleni huioni kabisa. Ni mdogo kweli, kutoka kileleni hadi chini ni kama mita 180 tu, lakini una taa za kutelezea usiku, na kwa watoto walio katika siku yao ya pili unatosha. Kuna pia Eldora, juu ya Boulder, ambako unaweza kufika kwa basi la umma la RTD kutoka Boulder katika msimu. Ila imo katika pasi ya Ikon na hujaa wikendi, na upepo wake unajulikana, kwa hiyo kwenu naiweka nyuma.

Gari lenu linahitaji kutazamwa kabla ya safari. Kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, sheria ya Colorado inataka gari la magurudumu mawili ya kuendesha linalopita I-70 kati ya Morrison na Dotsero liwe na matairi yanayofaa theluji, yenye kina cha meno kisichopungua milimita 5 hivi, au libebe minyororo ya matairi. Msikisie kwa macho. Mpelekeeni fundi apime. Kama matairi yamechakaa na hakuna fedha ya kununua mengine mwezi huu, kuna basi la Snowstang, ambalo katika misimu ya karibuni limekuwa likienda Loveland wikendi kutoka Denver Federal Center huko Lakewood, na dereva ndiye atakayehangaika na barafu badala ya shemeji yangu, yaani mumeo. Usiku wa kuamkia safari, fungueni tovuti ya COtrip mwone hali ya barabara, na mfungue tena kabla ya kutoka.

Hoja ya mumeo naiheshimu, kwa sababu ni hoja ya baba anayetaka watoto wake wapate kilicho bora. Mweleze hivi: mtoto anayejifunza hutumia miteremko miwili, labda mitatu, kwa siku nzima, na wingi wa miteremko asiyoweza kushuka haumfaidii chochote. Kinachomfundisha ni idadi ya mara anazoshuka. Mlimani kule mlishuka mara mbili kwa siku nzima. Valley siku ya kazi wanaweza kushuka mara 15 kabla ya chakula cha mchana. Na Loveland si kilima cha kubahatisha, kwani imekuwepo tangu miaka ya 1930, na watoto wakishaiva Valley watapanda basi la bure kwenda Basin, ambako mteremko wa duara la kijani, yaani alama ya mteremko rahisi, utawapeleka kwenye mraba wa buluu, alama ya mteremko wa kati, na miaka itapita kabla hawajaimaliza. Kwa hiyo hapana, huwapunji.

Nimalizie na Doto, ambaye ndiye aliyenifanya niijibu barua yako kabla ya nyingine. Usimlazimishe, wala usimwahidi zawadi. Mwambie kwamba siku hii haina lifti ya viti mpaka aitake mwenyewe, na kwamba kuna mkanda unaotembea ambao haugongi mtu. Mvalishe soksi moja tu, nyembamba na ndefu, ndani ya buti. Wazazi wengi kutoka kwetu huvalisha soksi mbili kwa kuogopa baridi, na matokeo yake damu haipiti, mguu unaganda, na mtoto hawezi kuiongoza skii. Suruali ya jinzi ibaki nyumbani, kwa sababu ikilowa hukauka kama ubao. Mwache na mwalimu kwa saa za somo, nawe ukae mbali kidogo, pale anapokuona lakini hawezi kukukimbilia.

Akiitaka lifti, tangulia wewe kwa mhudumu umwambie kwamba mtoto anajifunza na alishawahi kuanguka. Atapunguza mwendo wa kiti, hiyo ni kazi yake na hufanya hivyo mara nyingi kila siku. Fimbo zote mbili Doto azishike kwa mkono mmoja, ageuze shingo akitazame kiti kinavyokuja, na akae kikimgusa. Kulwa atangulie kwenye kiti cha mbele pamoja na baba, kama yupo, au na mwalimu. Doto apande na wewe, na umkalishe upande ule aliosimama mhudumu.

Mjomba